Kofia ya Vipande Sita

Nianze na wizi wangu, maana bila huo hakuna cha kusimulia. Mimi Tusajigwe, fundi wa nguo za watoto hapa Bondeni, mama yake Naomi, nilimwibia mama yangu mzazi akiwa ndani ya jeneza.

Usinitolee macho. Ngoja kwanza.

Kwenye ukoo wetu kule Ipyana, mama akifa nguo zake hugawiwa siku ya kuondoa matanga. Huyu anapewa kitenge, yule sweta. Mbeleko ndiyo haigawiwi. Ile aliyobebea watoto anakwenda nayo, na binti mkubwa ndiye anayeikunja na kumwekea mgongoni, kwa sababu huko aendako kuna watoto wake waliotangulia na wanataka kubebwa. Mama aliwatanguliza watatu. Binti mkubwa ni mimi, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu.

Sasa niambie ukweli. Kitenge kizito cha pamba, cha bluu chenye ndege wa njano, kimefuliwa miaka arobaini mpaka kimekuwa laini kama shavu la mtoto, kikaoze ardhini kwa faida ya mchwa? Nilikataa. Nilikunja khanga mpya niliyoinunua dukani kwa Mwanaisha, nikaisukuma pale mgongoni, na mbeleko nikaificha ndani ya blauzi yangu. Kaburini nililia kuliko wote, na machozi yalikuwa ya kweli. Nilimpenda mama. Na kitambaa chake nilikipenda pia.

Miaka mitatu mbeleko ikalala kwenye sanduku langu la bati.

Mwaka jana Naomi, mwanangu wa pekee, akashika mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika. Moja ilikuwa na miezi minne, nyingine saba, na huyo wa miezi saba tulimzika ana kucha na nywele. Kwa hiyo hii ya tatu hakuna aliyeitaja kwa sauti nyumbani kwetu. Dickson, mumewe, alimleta akae kwangu mpaka ajifungue, kisha akarudi kwenye lori lake la kokoa. Mimi nilikuwa nasali, na nikimaliza kusali nashona. Nilitaka huyu apatikane akiwa hai, avae nguo za bibi yake. Sikutaka kingine chochote.

Nguo za mtoto mchanga hazina ujanja mkubwa. Unaweka kamba badala ya vifungo, unageuzia mishono nje isimkwaruze, unaacha nafasi kwapani maana wanakua wiki kwa wiki. Nilitoa mbeleko ya mama, nikashika mkasi, nikakata. Nilishona gauni, nikashona bibu ya kukinga udenda, nikashona kiblanketi cha tabaka mbili. Mwisho ikaja kofia.

Kofia ya mtoto mimi huishona kwa vipande sita vinavyokutana juu, palepale penye utosi. Hapo kitambaa kinarundikana, na fundi mwenye akili anapunguza mishono kwa mkasi kabla ya kukanyaga cherehani. Mimi siku hiyo nilikuwa na haraka. Nikakanyaga, sindano ikavunjika, tak! Nikamlaani aliyeitengeneza, nikatazama sakafuni, sikuona kipande. Nikasema kitaonekana nikifagia. Nikabadilisha sindano, nikamaliza kofia, nikaigeuza huku na huku. Ilikuwa nzuri, jamani. Ndege mmoja wa njano alitua sawasawa kwenye paji la uso.

Kesho yake baada ya chai nikaikuta mezani imefumuliwa.

Haikufumuliwa yote. Ilikuwa juu tu, vile vipande sita vimeachana na kulala wazi. Pembeni yake kulikuwa na uzi, umeviringwa kwa namba nane kwenye kijiti cha mwanzi. Mshono wa cherehani ukiufumua, uzi hukatikakatika, kila fundi anajua. Huu ulikuwa mzima toka mwanzo hadi mwisho. Nilimjua mtu mmoja tu duniani aliyefumua bila kukata uzi na kuuviringa hivyo kwenye kijiti, na huyo nilimzika mwenyewe.

Nikaamua ni Naomi. Mtu ukiogopa unatafuta wa kumgombeza.

"Wewe, umekosa kazi? Unanifumulia kofia kwa nini?"

Naomi alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imevimba. "Mama, mimi hata uzi kwenye sindano unanitungia wewe. Nifumue nini?"

"Na kijiti hiki umekitoa wapi?"

"Kijiti gani tena?" Akakitazama, akakirudisha. "Umezeeka, Mama. Umefumua mwenyewe ukasahau."

Nikanuna mpaka mchana. Kisha nikashona upya, mara hii mishono miwili, nikaifungia kofia pamoja na nguo nyingine kwenye sanduku la bati. Ufunguo nikauvaa shingoni. Nikaenda sokoni kununua samaki.

Nilirudi jua likiwa kali bado. Naomi amelala, mlango umefungwa vilevile nilivyouacha. Nikafungua sanduku na harufu ikanipiga usoni, moshi wa kuni na pumba za mpunga. Hiyo ndiyo harufu niliyolalia nikiwa mdogo, shavu langu likiwa mgongoni mwake. Gauni lilikuwa salama. Bibu salama, kiblanketi salama. Kofia ilikuwa imefunguka juu, vipande sita wazi, na kando yake kijiti cha pili.

Nikasema kwa sauti, "Mama, hunitishi!" Nilidanganya, na papo hapo nikafunga sanduku nikalikalia.

Hapo ndipo nilipofanya hesabu ambayo sikuwahi kuifanya. Mimba zile mbili za Naomi zote ziliharibika baada ya mazishi. Mama alikuwa kule mgongo mtupu, bila mbeleko, kwa sababu yangu. Na sasa mtoto mwingine anakuja. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, anachotafuta mle ndani: mbeleko yake, na asipoipata anachukua watoto.

Mtu mwenye busara angekwenda Ipyana siku hiyohiyo akaungame. Mimi niliwaza aibu. Niliwaza ndugu zangu watasema nini, na kitambaa nimeshakikata. Nikaona heri nimfungie njia. Nikaishona kofia mara ya tatu kwa mkono, uzi mara nne, na juu kabisa, palipokutana vipande, nikakaza kifungo kikubwa cha koti. Nikakivuta kwa meno. Hakikutikisika.

"Haya," nikasema. "Fumua na hiyo."

Siku nne zikapita, kifungo kikabaki mahali pake. Siku ya tano Naomi akashikwa na uchungu asubuhi, na kabla ya adhuhuri akajifungua hospitalini mtoto wa kike, kilo tatu na ushee, aliyelia mpaka wauguzi wakacheka. Nilikaa kwenye benchi nikalia kamasi na machozi. Naomi akampa jina la mama yangu, Tulinagwe. Jina lile lilinigusa vibaya.

Tukarudi Bondeni, nikamvalisha. Gauni lilimkaa. Kofia ilimkaa. Na mtoto akaanza kulia.

Nimelea, nakijua kilio cha njaa na kilio cha tumbo. Hiki hakikuwa hivyo. Alilia akijinyonga, macho makavu, uso umeiva. Mwanaisha, yule jirani yangu mwenye duka, alikuja kumwona mzazi akasema ni chango. Tukampaka mafuta tumboni, wapi! Tukimvua nguo kumwogesha ananyamaza, anatazama darini kwa utulivu, kana kwamba kuna mtu anayemsemesha. Tukimvalisha, anaanza. Na mimi, ili kumtuliza, nilikuwa namkumbatia kifuani na kukikandamiza kile kichwa taratibu kwa kiganja. Taratibu, lakini nilikandamiza. Nikifanya hivyo analia mpaka pumzi inakatika.

Siku ya tatu alikataa kunyonya. Alikaa bila kulia wala kunyonya, midomo imepauka. Nikamwona Naomi anavyomtazama. Alimtazama vilevile alivyomtazama yule mwenye kucha. Nikajua nikinyamaza tena nitazika tena.

Nikapiga magoti kwenye mkeka nikamwambia mwanangu yote, jeneza, khanga, blauzi, mkasi.

Naomi hakupiga kelele. "Kwa hiyo wale wangu wawili ni bibi aliwachukua? Kwa sababu yako?"

"Sijui, mwanangu. Naogopa hivyo."

"Mvue," akasema. "Mvue kila kitu. Kirudishe leo leo, Mama, hata kama utazikwa nacho."

Sijawahi kuambiwa neno kali hivyo na mtoto niliyemzaa, na nilistahili. Nilimvua Tulinagwe, Naomi akamfunika kwa shuka la hospitali. Nikakusanya gauni, bibu, kiblanketi, na vipande vyote vilivyobaki, hata vile vya upana wa kidole. Kofia nikaiweka juu. Kifungo nilikikagua kwa kidole, kilikuwa kimeshika. Nikafunga furushi mafundo mawili, nikapanda bodaboda, furushi mapajani mwangu, mkono juu yake njia nzima.

Ipyana nilimkuta mdogo wangu Ambilikile anaanika kokoa. Nikamwambia achukue jembe, na tukiwa tunatembea kwenda nyuma ya nyumba nikamwambia kwa nini.

Akasimama kati ya migomba. "Dada, wewe ni mwizi."

"Najua. Chimba."

Kaburi la mama lipo karibu na mikokoa, kivulini ambako udongo haukauki. Mvua ilikuwa imenyesha, lakini hakukuwa na upepo, na majani ya migomba yalining'inia kimya. Ambilikile akachimba upande wa kichwani, kina cha mkono. Nilitaka kuweka vipande kimoja kimoja, nikimwomba radhi kwa kila kimoja. Nikafungua fundo la kwanza, nikafungua la pili. Harufu ikatoka, moshi wa kuni na pumba. Ambilikile naye aliisikia, kwa sababu aligeuka kutazama nyuma yake.

Kofia ilikuwa imefumuliwa.

Kifungo kilikaa peke yake kando. Vipande sita vilikuwa vimefunuliwa mpaka ndani kabisa, tabaka kwa tabaka, pale ambapo mimi sikuwahi kufika. Na uzi ulikuwa umeviringwa namba nane kwenye kijiti cha mwanzi, cha tatu, na katikati ya uzi, kimechomekwa vizuri ili mtu asiweze kutokiona, kulikuwa na kipande cha chuma kinachong'aa. Ni ncha ya sindano, ndefu kama punje ya mpunga.

"Dada, hii nini?" Ambilikile akauliza.

Nilikuwa naisikia sauti ya mama, aliponifundisha kushona kwenye baraza ya nyumba ile, mita chache kutoka pale. Sindano ikivunjika, kazi inasimama. Tunatafuta kipande mpaka kipatikane, hata ikichukua siku nzima, kwa sababu nguo ni ya mtoto na mtoto hana mdomo wa kusema kinachomchoma. Alinichapa kwa sheria hiyo. Na mimi nikasema kitaonekana nikifagia.

Mara tatu alinionyesha mahali. Mara tatu alifungua palepale na kuniachia wazi nitazame. Na mimi nikamwekea kifungo.

Nikampigia Naomi. "Mwangalie utosini. Chini ya nywele."

Nikasikia anamgeuza mtoto. Halafu akasema, "Kuna kidoa chekundu. Nilidhani mbu. Na pembeni kuna vingine viwili." Sauti ikabadilika. "Mama, ananyonya. Tangu uondoke ananyonya."

"Mpeleke hospitali sasa hivi wamsafishe. Ni sindano, Naomi. Ni sindano yangu, siyo bibi."

Nikakaa chini kwenye tope na kitenge changu kizuri. Niliomboleza kama siku ya msiba, tofauti ni kwamba mara hii nilijua ninachokililia. Nilimnyang'anya mbeleko mtu ambaye kazi yake ilikuwa kubeba. Wale wawili wa Naomi, kama kweli wako naye, hakuwachukua yeye. Walifika tu, naye akawapokea, na miaka yote hii amekuwa akiwabeba mikononi kwa sababu mgongo wake sikuupa kitu. Halafu na mikono hiyohiyo iliyojaa akaja kwangu kufumua.

Niliweka vipande vyote shimoni, na kofia nikaiweka juu, imefunguka. Ncha ya sindano nilibaki nayo. "Ndaga fijo, Mama," nikamshukuru kwa lugha yetu. "Wabebe sasa." Ambilikile akafukia. Alipokanyaga udongo, majani ya migomba iliyotuzunguka yakatikisika mara moja yote, kisha yakatulia.

Mtoto alipona. Ana meno mawili sasa na anapenda kuninyonya kidole. Naomi ananisalimia vizuri, ila nguo za mwanaye anazikagua mshono kwa mshono kabla ya kumvalisha, mbele yangu.

Wiki iliyopita sindano ilivunjika tena. Nilikuwa nashona soksi za kitambaa za mtoto wa mteja, mchana, peke yangu. Nikatafuta kidogo, sikuona. Nikafanya jambo la kipumbavu. Nikaziacha soksi mezani makusudi, nikatoka nje kwa saa nzima. Niliporudi niliinusa hewa kabla sijatazama.

Soksi zilikuwa vilevile. Hakuna aliyezigusa, hakuna kijiti. Mama ana kazi yake sasa, na mbeleko anayo. Nikapiga magoti sakafuni, nikaanza kutafuta.