Foleni ya Saa Nane

Saa nane kamili mchana, Shangazi akibadilisha mashuka chumba namba tatu cha hoteli mpya, pale zilipokuwa mashine za kusokotea uzi za kiwanda cha zamani, wafu walipanga foleni kwenye mlango wa chuma ukumbini. Walikuwa kumi na mmoja. Waliinua mikono juu, kama ilivyokuwa desturi ya kiwanda zamu ikiisha, wapekuliwe wasije wakatoka na uzi. Mpekuzi hakutokea. Siku ya moto uliowaua, miaka ishirini na miwili iliyopita, pia hakutokea, na ufunguo alikuwa nao yeye.

Wa nne kwenye foleni alikuwa mume wa Shangazi.

“Umekula?” Shangazi alimfuata ukumbini akamuuliza.

“Bado. Zamu haijaisha.”

Hatua sita kutoka hapo palikuwa na mlango mpya wa kioo, wazi kutwa. Alimvuta mkono, hakusogea. Mfanyakazi hutoka kwa mlango wa wafanyakazi.

Shangazi akamwendea bosi wa hoteli, aliyekuwa akichagua rangi ya mapazia.

“Bosi, naomba lile kufuli la mlango wa chuma likatwe. Mume wangu anataka kwenda nyumbani.”

“Pole sana, Shangazi.” Pole ilimtoka moyoni, hakuwa mtu mbaya. “Lakini wageni watakuja kuufuata mlango huo. Kufuli lile ni historia.”

“Na yeye je?”

“Naye pia.”

Basi Shangazi akarudi ukumbini, akampekua mumewe yeye mwenyewe. Mifuko, mikunjo ya suruali, kofia, hata soksi. “Hana kitu!” akatangaza. Akawapekua na wale kumi. Hakuna aliyeshusha mkono, maana mikono hushushwa nje. Shangazi akaketi sakafuni akalia kwa sauti, miaka ishirini na miwili yote kwa mkupuo mmoja.

“Nyamaza, dada,” mpishi alimwambia. “Kufa kufaana. Bila wao tungepata wapi kazi?”

Ijumaa wageni wa kwanza waliingia. Mmoja alitoka kuogelea kwenye bwawa, lililokuwa birika la kutilia nguo rangi, akakosa pa kuanika taulo, akaitundika kwenye mkono uliokuwa karibu. Bosi akaona imependeza. Akaagiza taulo nyeupe ishirini na mbili, moja kwa kila mkono.

Kuzifua na kuzitundika ikawa kazi ya Shangazi. Za mume wake alizikamua mara mbili, zisimlemee.