Ogeto Mbele ya Emuma

Jumapili Ogeto hupitisha kapu la sadaka kanisani Ekerenyo, uso kaukunja kwa utakatifu utadhani viatu vinambana. Mkewe Loice humtazama akaona haya kwa niaba ya Mungu. Maana ni mwanamume huyuhuyu aliyeing'oa minyaa ya mpaka mchana kweupe, akaipanda ndani ya shamba la chai la Mong'ina, mjane wa ndugu yake. Loice, akiwa mlangoni pa jikoni, alimwona. Alipouliza, aliambiwa apike ugali.

Sasa wazee walikuwa wamekaa pale pale mpakani kuamua kesi. Mong'ina alilia kimyakimya, kwani akishindwa, chai inayowasomesha wanawe imekwenda. Ogeto aliishika Biblia akaapa kwamba mpaka haujaguswa, na sauti haikumtetemeka hata kidogo. Mwongo mzoefu hamezi mate.

Mzee Onsongo, aliyeongoza kikao, akajikuna kidevu. "Biblia tumeona. Sasa kula emuma."

Ogeto akasawijika. Emuma ni kiapo cha mababu wa Kisii, na anayekila kwa uongo huzika watoto wake. Mungu wa Jumapili husamehe, ndiyo maana Ogeto alimzoea. Emuma haina msamaha.

"Mimi ni mtu wa kanisa, wazee wangu," akasema huku jasho likimtoka. "Hiyo siwezi. Lakini mke wangu, Mama Brandon, anajua mpaka. Ataapa yeye."

Loice hakuyaamini masikio yake. Kumuibia mjane ni jambo moja. Kumsukumia mkewe kifo cha watoto, kana kwamba Brandon na ndugu zake hawana baba! Alimdharau hadi hasira yenyewe ikamwisha.

"Nitaapa," akasema.

Ogeto akatabasamu, mpumbavu yule.

Loice akaipita minyaa mipya, akarudi upande wa nyumbani kwake, akasimama kati ya mistari ya chai. "Mpaka ilikuwa hapa. Nilimwona Baba Brandon akiing'oa minyaa na jembe. Kama nadanganya, emuma inimalize na watoto wangu."

"Unaniaibisha mbele ya watu?" Ogeto akafoka. "Leo utalala wapi?"

"Kwa nyumba yangu, na watoto wangu wakiwa wazima. Wewe ulikuwa umewauza tayari."

Mzee Onsongo akamnyooshea Ogeto jembe. Naye Ogeto akaing'oa minyaa mmoja mmoja, kijiji kizima kikimtazama, na hakuna aliyeinuka kumsaidia.