Hendibreki ya Gwamaka

1.

TANGAZO
Mali yoyote iliyo ndani ya eneo la upanuzi wa barabara iondolewe kabla ya saa tisa alasiri, siku ya Alhamisi. Itakayokutwa itaondolewa kwa mashine. Mradi hautahusika na uharibifu utakaotokea.

2.

Leo Alhamisi.

3.

Gari lenyewe ni Fokswageni ya mwaka 1966, rangi ya maziwa, mbele ya nyumba ya mjane Subilaga, Tukuyu. Miaka minne halijasogea. Mvua ya Tukuyu unaijua? Hunyesha mpaka sahani zinaota ukungu kabatini. Asubuhi wanaume sita wamesukuma. Matairi ya mbele yako tayari kwenda. Ya nyuma yamegoma; kila mtu anasema ni kutu.

4.

Kutoka daftari la fundi Ambakisye, aliyejifunza ufundi kwa kufungua, kufunga, na kufungua tena:

— Zuia matairi ya mbele kwa mawe.
— Vuta hendibreki, dramu (bakuli la chuma la breki, nyuma ya tairi) isizunguke. Chomoa pini. Fungua nati kubwa ya katikati. Bomba refu kwenye spana, uzito wa mwili wote.
— SHUSHA HENDIBREKI. Ikiwa juu, shuu za breki zinaibana dramu kwa ndani. Haitoki.
— Gonga dramu kwa ubao na nyundo, ukizunguka, taratibu. Ukigonga kwa hasira itapasuka. Nyingine hakuna, hata Mbeya mjini.

5.

Saa tano. Nati ya kulia ikalegea, watu wakapiga makofi.

"Haya, mama. Shusha hendibreki."

Yeye tu ndiye huingia mle. Fundi aliambiwa hilo hata kabla hajatua mfuko wa spana: ndani ya gari haingii mtu.

Subilaga akaingia. Akafunga mlango. Akakaa kidogo.

"Nimeshusha, fundi."

6.

Hakushusha.

Nakwambia wewe unayesoma, maana pale hakuna mwingine anayejua. Lakini usimseme bado.

7.

Gwamaka, mumewe, alirudi na gari hili kutoka kanisani. Akaliegesha, akavuta hendibreki kwa nguvu zake zote kama kawaida yake, akaingia ndani kujinyoosha dakika mbili.

Hakuamka.

Baada ya arobaini ndugu waligawana vitu vyake, kama desturi inavyotaka. Koti kwa mdogo wake. Saa kwa mjomba. Redio, jembe, viatu, miwani hata kwa mtu asiye na shida ya macho. Kila alichokishika Gwamaka kikashikwa na mwingine.

Isipokuwa

8.

Uzioni, majirani:

"Lingeuzwa chuma chakavu, angepata hata ya sukari."

"Punguza sauti, anakusikia."

"Na huyu fundi chuo kapitia wapi?"

"Wewe uliyepitia chuo, mbona umeshika muwa?"

9.

Saa nane. Kijiko, ile mashine ya mkono mrefu wa chuma, kimefika kwa kinyozi, nyumba ya tatu. Kibanda kimeondoka kwa pigo moja, kioo na picha za mitindo ya nywele humo humo.

Ambakisye anagonga.

ngo

          ngo

ngo

Anamimina mafuta ya taa. Anasubiri. Anagonga.

"Piga kwa nguvu, fundi!"

"Itapasuka, mama."

"Piga!"

Ufa. Mwembamba kama unywele, ukingoni mwa dramu. Fundi akaweka nyundo chini.

10.

Akalala chali, akaingia chini ya gari na tochi. Subilaga aliuona mwanga ukitembea, ukitembea, ukasimama.

Fundi akatoka. Akafuta mikono. Hakupaza sauti.

"Mama, waya wa hendibreki umekaza."

"Labda ni kutu," akaongeza, akimsitiri.

"Si kutu. Ni mkono wa mume wangu."

Ambakisye akatazama barabarani, kisha ardhini. "Basi mimi siugusi," akasema. "Wala sitamtuma mtu."

11.

FOMU YA UKAGUZI
Aina ya mali: gari.
Hali: halitembei.
Sababu:

12.

Saa tisa kasoro robo. Kijiko kimegeuza shingo kuelekea huku. Fundi amekaza nati tena, na wale wanaume sita wako nyuma ya gari, tayari kusukuma.

Subilaga yuko ndani, mkono juu ya hendibreki.

"Haishuki!"

"Ivute juu kwanza," fundi akamwambia dirishani. "Juu zaidi ya alipoiacha yeye. Ndipo ubonyeze kitufe."

Zaidi ya alipoiacha. Akavuta kwa mkono mmoja. Akavuta kwa miwili, mpaka machozi yakamtoka, na hendibreki haikujua kama kuna mtu. Katika miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kumshinda nguvu Gwamaka.

Honi.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Ingia."

Ambakisye akavua viatu vyake vya oili, akaviacha nje. Akaketi. Hakuishika hendibreki. Aliweka kiganja chake juu ya mikono ya Subilaga.

"Ukisema wewe," akamwambia.

Kijiko kimefika kwenye ua. Matofali ya ua yanaanza

"Moja," akasema Subilaga.

"Mbili,"