Leo ya Mji, Leo ya Siku

Siku vita ya Wazungu ilipokwisha, Mwamvita hakuwa na hamu ya sherehe ya mtu yeyote. Kesho yake alikuwa atiwe eda. Mumewe Amuri, mpiga tarumbeta wa kambi ya askari hapa Kasongo, alikwenda vitani na hakurudi. Halafu askari mmoja wa Kabambare akapita, akasema alimwacha Amuri katika hospitali ya Misri, yuko hoi, hata uji haupiti kooni. Wazee wa ukoo wakakaa, wakasema basi, huyo tumhesabu marehemu. Mama mkwe, Bibi Amisa, akatafuta kitambaa cheupe cha eda huku analia. Na shemeji mtu alikuwa ameshaanza kuchonga ndevu, anangoja eda iishe amrithi. Wanaume na haraka zao, jamani!

"Kama amekufa nitamulilia," Mwamvita alikuwa anawaambia. "Lakini nani alimuzika? Nileteeni mutu aliyeshika jembe."

Alasiri ile Mzungu wa teritware, mtawala wa wilaya, aliamuru mji mzima uje kwenye barza, kibaraza cha mbele cha ofisi yake. Ameweka redio mezani, nyaya zimekwenda mpaka kwenye betri ya lori lake, na bomba kubwa la sauti limeelekezwa kwa watu. Walikuja Waislamu wa mjini na kanzu zao, wakaja Wakristo wa vijijini na nguo za misa. Mwamvita naye alikuja, maana amri ni amri, akasimama karibu na Bibi Amisa. Kitambaa cheupe bibi alikuwa nacho kwapani. Hakukiacha nyumbani, aliogopa panya.

Redio ikakohoa, ikapiga mluzi, halafu ikatoa ngurumo ya watu wengi na kengele juu yake. Lo! Huku Kasongo kengele zikifuatana hivyo misioni, ujue kuna maziko. Wanawake wa nyuma wakashika vichwa wakaangua kilio. Karani Antoine, aliyewekwa pale atafsiri, akaanza kurukaruka na tai yake.

"Hapana, wamama! Ni furaha! Kule watu wanacheka!"

Kilio kikageuka vigelegele hapo hapo, bila hata kuvuta pumzi. Mwamvita akastaajabu: kumbe furaha ya mbali na msiba wa mbali vina kelele moja? Jambo hilo lilimkaa. Hakuwa na hamu, lakini masikio yake yalikuwa nayo, akajikuta anasogea mbele.

"Bwana karani, sauti hii inatoka wapi?"

"Inatoka Leo," Antoine akasema. Alimaanisha Leopoldville, mji mkubwa wa serikali, ambao kila mtu aliuita Leo.

Hapo ndipo tarumbeta ilipolia. Ilipiga wito wa bendera, ule wa serikali, ukaisha vizuri. Halafu nyuma yake ukafuata mkia mdogo: sauti mbili za juu, moja ya chini, na moja ndefu.

Barza yote ikasogea mbele. Mkia ule Kasongo nzima waliujua. Zamani, kila jioni bendera iliposhushwa kambini, Amuri alimaliza wito wa serikali kisha akaongeza wake mwenyewe, kumwambia mke wake aweke maji ya kuoga motoni. Sajini alimtia ndani kwa ajili hiyo, akatoka, akapiga tena. Hakusikia la mtu.

"Amuri anaomba maji," mtu mmoja akanong'ona.

Mwamvita alitaka kupiga kelele, lakini Mzee Faradji mwenye duka akainua mkono.

"Polepole, wandugu. Mimi niko na gramafoni dukani. Yule mwimbaji wa sahani yangu alikufa zamani, na kila siku ananiimbia. Hii nayo ni sahani. Walimufungia Amuri sauti mbele ya kufa."

Watu wakaguna, wakaona ni kweli. Bibi Amisa akaanza kulia upya. Mwamvita hakulia, alikuwa amekasirika. Alimfuata Antoine mpaka akakanyaga kiatu chake.

"Bwana karani, umesema inatoka Leo. Leo ya mji, ama leo ya siku?"

Miaka yote Antoine alisema Leo, na swali hilo halikuwahi kumpitia kichwani. Akaenda kwa Mzungu, ambaye alikuwa na bilauri yake mkononi, akarudi.

"Anasema ni direkite."

"Direkite ni nini?"

"Ni... moja kwa moja, njia iliyonyooka. Haina kona."

"Mimi nimekuuliza habari ya barabara?"

Watu wakacheka, lakini Mwamvita hakuwa nao. Aliwaza sahani ya Faradji. Sahani inaimba vile vile jana na leo, inakwama pale pale penye mkwaruzo, haichoki, na hakuna mtu anayeijibu. Basi tutaona, akajisemea. Akapanda barza bila ruhusa, akaweka sikio karibu na bomba. Mzungu akamtazama, akamwacha.

Ngoma zikapita, nyimbo zikapita, mtu akahutubu Kifaransa mpaka watoto wakasinzia. Mwamvita hakuondoa sikio. Mwisho tarumbeta ikalia tena. Wito wa serikali ukaisha. Mkia ukaanza: mbili za juu, moja ya chini, kisha kimya, ukakatika. Mtu akafoka kwa Kilingala, kwa ukali, na hata wasiojua Kilingala walijua kwamba huyo ni sajini. Kule watu wakaangua kicheko. Halafu, wakati kicheko bado hakijaisha, ikatoka ile sauti ndefu ya mwisho, ndogo, ya kuiba.

Mwamvita akageuka. Machozi yalikuwa yanamtoka na yeye anacheka.

"Mzee Faradji! Sahani yako imeshagombezwa hata siku moja?"

Faradji akakuna kichwa chini ya kofia. "Bado, binti yangu."

"Basi hii ni leo ya siku! Mume wangu iko! Amepona Misri, iko Leo, na bado ni kichwa ngumu!"

Barza ikalipuka. Kasongo ilipiga kelele kushinda redio, na jirani mmoja akapaza sauti, "Vita imekwisha, Mwamvita bado!" Shemeji mtu alitafutwa kwa macho, hakuonekana.

Bibi Amisa alikunjua kile kitambaa cheupe, akajifunga kiunoni kama mtu anayetaka kucheza, akakaza fundo. Kisha akamtazama mkwewe.

"Sasa unasimama nini? Kaweke maji motoni."

"Mama, Leo ni mbali. Kuna meli, kuna treni, kuna meli tena. Atafika lini?"

"Wewe hukusikia? Mume wako ameomba maji, wamemugombeza, ameomba tena. Nenda."

Mwamvita akaenda kuwasha moto.