Chapa Kwenye Kona ya Jalada

Jalada la santuri kubwa lina sentimita thelathini na moja kila upande. Kioo cha skana yangu hakifiki thelathini. Kwa hiyo nililazimika kuskani kila jalada mara nne, kisha kuunganisha vipande kwenye kompyuta. Baba anayo ishirini na mawili, aliyoyanunua Mogadishu na Nairobi alipokuwa dereva wa lori la mifugo. Yalinichukua majuma matatu, mezani kwetu Garissa, feni imezimwa ili vumbi lisitue kwenye kioo.

Kulikuwa na haraka. Glakoma ilimwachia Baba jicho moja, nalo huona vitu vikubwa tu. Kesho yake baada ya mimi kumaliza angepanda basi la Nairobi kwenda kufanyiwa upasuaji, na daktari alimwambia wazi: huenda jicho likabaki lilivyo, huenda likazimika. Aliomba ayaone majalada yake kwenye televisheni kabla ya kuondoka.

Alasiri Habaryar Abshiro, mdogo wake marehemu mama, alikuja na chupa ya chai. Baba akasogeza kiti hadi karibu na kioo cha televisheni.

"La kwanza hili, Aabo," nikasema.

Alitazama kwa muda. "Zuri. La nani?"

"Lako."

"Si langu, aabo." Naye huniita hivyo hivyo, kama baba wote wa kwetu. "Weka lingine."

Nikaweka la pili, na la tatu.

"Haya yana wenyewe. Umeyaazima wapi?"

"Yametoka kwenye sanduku lako la bati. Nimeyasafisha tu kwenye kompyuta."

Habaryar Abshiro akaweka kikombe chini. "Umesafisha nini?"

"Madoa ya chai. Yote yalikuwa nayo, kona ya juu kulia."

"Majalada ishirini na mawili, na chai imwagikie kona ileile," alisema. "Na huyu ndiye tuliyempeleka chuo kikuu."

Kazi yangu ni ramani, katika ofisi ya ardhi. Kila siku nafuta madoa kwenye ramani kuukuu kabla ya kuzihifadhi, na sikuwa nimejiuliza kwa nini haya yalifanana. Nilileta jalada moja, nikalishika dirishani. Mistari miwili ya kahawia na nukta chini yake. Ilikuwa chapa ya ngamia wa ukoo wa Baba.

"Majirani waliazima santuri wasirudishe," Baba alisema. "Mama yako akasema mali isiyo na chapa haina mwenyewe. Kila Idi, hina iliyobaki mkononi aliyatia majalada mapya."

"Nilimwambia atumie wino," Habaryar Abshiro alisema. "Akasema wino hauna harufu."

Mama, Rukiyo, alifariki nikiwa na miaka miwili. Hakujua kuandika, kwa hiyo sina hata karatasi moja yenye mkono wake.

Muda wa kuunganisha upya haukuwepo. Lakini sifuti kamwe vipande vya mwanzo, visivyosafishwa, na kipande cha juu kulia kilitosha. Nilivipanga vyote ishirini na viwili, nikavikuza hadi kila chapa ikajaa kioo.

Kwa vipande viwili vya kwanza Baba alisogeza tu uso karibu na kioo. Kwa cha tatu akainua kidole.

"Hilo la mpiga udi. Hilo linalofuata, bendi ya hoteli. Na hilo, subiri. Hapo alikuwa na mimba yako, mkono umechoka. Ona mstari ulivyolala."

Niliupima. Umelala digrii kumi na nne.

"Utaunyoosha?" Habaryar Abshiro aliuliza.

"Hapana."

Baba aliendelea hadi la mwisho, akihesabu kwa vidole kama mfugaji anayenywesha ngamia kisimani. "Ishirini na wawili," alisema. "Wote wamekunywa."

Nikafungua orodha yangu. Kwenye safu ya maelezo nilikuwa nimeandika "doa la chai" mara ishirini na mbili. Nikafuta, nikaandika: chapa ya hina, mkono wa Rukiyo.

"Aabo," Baba akasema, "nirudishie lile lililolala."

Nililirudisha, nikaliacha pale mpaka adhana ya magharibi.