Vifungio vya Kiprono

...matundu matatu tayari, bado matano, drili imenyamaza mkononi lakini kidole hakijatoka kwenye kitufe, na Kiprono yuko pale pale upande wa pili wa meza na kikombe chake cha chai, anasubiri jibu, jibu gani sasa, mtu akikwambia ni mimi niliyewaita polisi unamjibu nini, asante?, Mirindi anakodolea macho kile kiolezo cha chuma kilichoubana ubao wa skii, kinachomwonyesha fundi pa kutoboa, amekitega kwa milimita mia tatu na kumi na tano, urefu wa soli ya buti la Kiprono, kaupima mwenyewe mara mbili asubuhi hii, na vifungio, vya kulibana buti kwenye ubao, walichagua pamoja, hivi hapana, breki zake fupi, skii ya theluji laini ni pana, breki isipochomoza pande zote mbili itashika nini, wakachukua vya breki ya milimita mia na ishirini, na Kiprono akasema nifungie wewe, kinyozi hajinyoi, nikianguka huko Japani nitajua wa kumlaumu, wakacheka, nusu saa iliyopita walikuwa wanacheka, Mungu wangu, nje Desemba, kiangazi cha huku kusini mwa dunia, inachoma mabati ya Minto na wao humu karakanani wanapiga soga za theluji... "Mirindi. Sema kitu basi, ndugu yangu"... ndugu, ndiyo, ndivyo alivyomwita hata siku ile, Agosti ya mwaka jana, Bankstown imefungwa kwa korona, kukusanyika marufuku, wanajeshi wanapita na polisi mlango kwa mlango, na mama amelala ndani ya jeneza kule Bukavu, hakuna ndege, hakuna ruhusa, na Kiprono akapiga simu, pole sana, mko wangapi hapo?, na Mirindi akamwambia, kwa nini asimwambie, mtu aliyemtoa kwenye kupakua makontena akamfundisha kushika drili, tuko kumi na mmoja, kaka, tutamzika mama kwa simu saa moja jioni, na sauti ile ile ikasema Mungu awatie nguvu... jeneza lilikuwa limeanza kushuka, dada yake Yvette ndiye aliyeshika simu kule kaburini, picha inaruka, na hapo mlango ukagongwa, si kwa kiganja, kwa ngumi, akaenda kufungua, barakoa, majina, tarehe za kuzaliwa, nani anakaa hapa na nani hakai, dakika kumi tu labda, na aliporudi simu ilikuwa inaonyesha udongo na migongo ya watu wanaoondoka, hakumwona mama akiingia ardhini, yeye mtoto wake wa kwanza, hakumwona... "Jacky alikuwa zamu ICU," Kiprono anasema, anamtaja mke wake kama mtu anayetoa kitambulisho, "wiki hiyo watu watatu walimfia mikononi, wote wa mitaa yenu, alikuwa akirudi anakaa tu kwa gari, hataki kuingia nyumba. Nikawaza kumi na mmoja kwa chumba kimoja. Nikapiga ile namba ya polisi. Lakini jina sikutaja, haki ya Mungu, nilitaja nyumba tu"... nyumba tu, na kwa nini anasema leo, kwa nini wakati huu, labda kwa sababu mtu mwenye drili mkononi hawezi kukurukia, au labda ameyaleta maungo yake makusudi, haya, niko mikononi mwako, fanya utakalo, na ingewezekana, rahisi kabisa, ncha ya drili ina kola ya kuizuia isizame kupita milimita tisa, unaiyumbisha kidogo tu tundu linapanuka, skrubu inazunguka bila kuuma, unafukia kwa gundi, hakuna atakayeona, kifungio kitakaa kimya hapa mezani, kitakaa kimya kwenye ndege, mpaka siku ya mteremko, mguu utaondoka na kifungio chake na ubao utabaki nyuma, na aliyemfundisha jambo hili ni Kiprono huyu huyu, skrubu isipouma usimdanganye mwenye skii, ziba, toboa upya... miezi kumi na sita, na miezi yote hiyo Mirindi alikuwa anajua nani aliwaita, alijua kabisa, alikuwa na uhakika wote, Généreuse wa ghorofa ya chini, Mkongomani mwenzao, nani mwingine, ndiye pekee aliyekosa matanga, alisema ana zamu kule anakotunza wazee, na kesho yake akapanda na sufuria ya maharage, pole Mirindi, na yeye akafunga mlango, taratibu, sufuria ikabaki mikononi mwa mwanamke, na Jumapili makanisa yalipofunguliwa alimwambia pasta, akawaambia wote, kwa jina lake kamili, na watu wakaacha kumpa amani ibadani, wakaacha kumwita kwenye harusi, na Généreuse akaendelea kumwamkia jambo Mirindi kwenye ngazi, jambo Mirindi, mpaka naye akachoka, Kiprono hakutaja jina, mimi nilitaja, mimi nilitaja na halikuwa la kweli... "Kama unataka fundi mwingine, Bruno, amalizie kazi, nitaelewa," Kiprono anasema, chai yake imepoa, macho yamemwiva, na Mirindi anashangaa kusikia sauti yake mwenyewe ikiuliza, "Una kilo ngapi sasa?" "Nini?" "Kilo. Nitatega kipimo cha kuachia mguu. Za kweli, si za kabla ya kufungiwa." "Themanini na nane." Anaandika kwa penseli, themanini na nane, hajamsamehe, hajui kama atamsamehe, pengine kesho atashindwa hata kumwamkia, lakini matundu yatakwenda wima, na Jumapili atasimama kanisani aseme mbele ya wale wale kuwa alimsingizia Généreuse, kisha apande treni ya St Marys, wanasema alihamia huko, namba ya nyumba haijui, ataulizia, na akifungua ataanzia wapi, maana siku ile anahama alishusha godoro peke yake, likimpiga kisogoni, likimkwama kwenye kona ya ngazi, na wanaume wanne tulikuwa pale juu, tumeegemea ukuta, na hakuna aliyeteremka.