Usingizi Mzito wa Prosesa

"Kimekufa?"

"Hakijafa. Kimelala fofofo, hakitaki kuamka."

Jirani, aliyeitwa hivyo kwa kuwa meza zao zilipakana, aliangua kicheko. Mwenzake hakucheka. Ofisini walimbandika jina la Mama Usingizi, maana kazi yake ilikuwa kuifundisha kerneli, ule moyo wa mfumo wa kifaa, kuilaza prosesa, ubongo wake, kila inapokosa kazi. Prosesa isiyolala hula betri bure, kama taa iliyoachwa ikiwaka mchana.

Kifaa chenyewe kilipima pumzi za watoto njiti. Wodini umeme ulikuwa wa kubahatisha, betri haifiki jioni, na ikiisha mama hukaa akimkodolea mwanawe macho asije akaacha kupumua. Mmoja wa akina mama hao alikuwa dada yake wa tumbo moja. Ndiyo maana Mama Usingizi alijifunga kifaa kifuani mwake mwenyewe, akakijaribu tangu asubuhi. Usingizi mwepesi ulikubali. Ule mzito, wenye nafuu hasa, ukiingia tu kifaa hakiamki mpaka ubonyeze kitufe. Sasa kifaa kama hicho kitamlinda mtoto wa nani?

"Hebu tuone." Jirani akavuta kiti. "Prosesa inaamshwa na nani?"

"Na saa yake."

"Hiyo saa iko wapi?"

"Si humo humo ndani ya..." Akajishika kichwa. "Mungu wangu! Nimeilaza na saa yake!"

"Umemlaza mlinzi pamoja na mwenye nyumba, halafu unangoja kugongewa mlango!"

Nje ya prosesa kulikuwa na saa nyingine isiyolala. Msimbo wa kuikabidhi zamu ulishaandikwa zamani na mtu wasiyemjua, akaugawa bure. Ilibaki kuiambia kerneli kwamba katika usingizi mzito saa ya ndani husimama, ili zamu ishikwe na ile ya nje. Mstari mmoja tu, jamani!

"Popote ulipo, ubarikiwe wewe na kizazi chako," aliiambia skrini, na alimaanisha. "Na wewe Jirani, pamoja na mdomo wako."

Kisha akakiacha kifaa kilale usingizi mzito kifuani mwake, akabana pumzi makusudi. Kifaa kikaamka chenyewe, kengele yake ya hatari ikalia, Jirani akaruka kitini.

Baada ya majaribio mengi muuguzi mkuu aliridhika, kifaa kikafungwa kwa mtoto wa dada yake. Siku hiyo umeme ulikatika mapema. Alasiri ilipofika, betri ilikuwa imebaki zaidi ya nusu.

"Mdogo wangu, una hakika kitaamka?"

"Kinaamka kila mara, dada. Na mimi nipo."

"Ahsante. Sijui nikupe nini mimi..."

"Nipe nafasi nikae. Wewe lala."

Dada alitaka kusema neno jingine, usingizi ukamwahi, mkono ungali umeshika chuma cha kitanda. Akaanza kukoroma mbele ya wauguzi, bila haya. Mama Usingizi alijifuta machozi kwa kiganja, akamvua dada yake viatu, kimoja kimoja, polepole asimwamshe.